Golf GTI Mk5: daunpaipu yenye katalitiki ama tupu? Fundi anataka kunitolea "bure"

DonholmPhase8 ameandika:

Wakuu habari za jioni. Niko na Golf GTI Mk5 ya 2007, ile ya 2.0 tabo na gia za DSG, iliingia nchini 2014 na mimi nikainunua kwa mtu mwaka jana mwezi wa tatu. Imenibeba vizuri, ukitoa taa ya injini ya mara moja moja, hadi kama miezi miwili iliyopita ikashikwa na uvivu. Niko Outering napanda ile flaiova ya Taj Mall, nikikanyaga inaanza kuvuta halafu ni kama mtu ameishika mkia, hata Probox zinanipita na mizigo juu. Taa ya injini nayo inawaka, inakaa siku mbili tatu inazima yenyewe, inarudi. Na tukiwa kwa jamu madirisha wazi kuna harufu ya petroli mbichi inaingia ndani, mama watoto amesema ataanza kupanda matatu.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Industrial Area, jina naweka kando. Akachomeka skana, dakika mbili ameshamaliza: "P0420, katalitiki imeziba." Dawa yake ni kushusha daunpaipu, lile bomba la moshi linaloshuka kutoka kwa tabo lenye kopo la katalitiki la kusafisha moshi, masega ya ndani yapigwe patasi yatoke yote, kopo lichomelewe lirudi kama halijaguswa. Nikauliza kazi ni pesa ngapi, akaniambia bure, yeye atachukua tu hiyo takataka ya ndani. Hapo ndipo nilishtuka, kwa sababu huyu jamaa hata kunikazia nati ya tairi alinilipisha mia mbili.

Nimeuliza uliza bei. Kuna mtu anatengeneza daunpaipu ya inchi tatu ya stenlesi, tupu, 18,000. Kuna nyingine inakuja na katalitiki ya chuma ya seli 200 ndani, yaani matundu 200 kwa kila inchi ya mraba, huyo anataka 46,000. Halafu kuna eks-Japani iliyotolewa kwa Golf kama yangu, na katalitiki yake ya kiwandani, 25,000 lakini gharanti ni mpaka utoke kwa geti. Sasa nisaidieni, nguvu inatofautiana kiasi gani kati ya yenye katalitiki na tupu? Taa itazima? Na kuna mtu ameshawahi kusumbuliwa barabarani kwa sababu hana katalitiki ama hiyo ni stori ya kutisha watoto? Sina haraka ya kuwa mwanariadha, nataka tu gari ipande flaiova.

---

streiti_paipu_254:

Bro hili nalo ni swali? Toa kila kitu. Chukua hiyo ya 18,000, toa na sailensa ya katikati ukiwa hapo chini, uache mafla ya nyuma pekee ili majirani wakusalimie. Tabo ikipumua inaamka mapema, kule kwa mzunguko wa 2,000 unaanza kusikia msukumo badala ya kungoja. Yangu nimetembea nayo tupu mwaka wa tatu, nimeenda nayo Nakuru na kurudi siku moja, hakuna karao amewahi kuinama kuangalia chini. Taa unaweka kale kaspesa ka sensa ya nyuma, kabomba ka kuisogeza mbali na moshi, fundi yeyote anakakata kwa mashine ya lesi kwa mia tano, kwisha. 46,000 ni kulipia kizuizi, yaani unalipa ili gari isipumue.

---

Spana_kumi_na_tatu:

@DonholmPhase8 kabla hujanunua chochote simama hapo kwanza. Niko kwa hii kazi ya magari ya German Kariobangi miaka kumi na moja na hii hadithi yako naiona kila wiki, ni gari tofauti tu.

P0420 ni kodi, yaani namba ya hitilafu kutoka kwa kompyuta ya gari, na haisemi katalitiki imeziba. Hapana. Inasema katalitiki haifanyi kazi yake. Una sensa mbili za oksijeni kwa hiyo daunpaipu, moja kabla ya katalitiki na nyingine baada yake. Ya mbele inaambia kompyuta mchanganyiko wa petroli na hewa ukoje. Ya nyuma kazi yake ni kuchungulia tu. Katalitiki ikiwa nzima inashika oksijeni na kuiachilia polepole, kwa hivyo sensa ya nyuma inakaa imetulia, ukiangalia kwa grafu ni laini karibu imenyooka. Katalitiki ikifa, ya nyuma inaanza kuruka juu chini kama inayopima moshi uliotoka injini moja kwa moja, kompyuta inaona hiyo inaandika P0420. Sasa katalitiki iliyoziba ni ugonjwa mwingine kabisa, moshi haupiti, gari inakosa nguvu hasa ukiwa juu kwa mzunguko, chini kunawaka moto hadi saa nyingine unaona wekundu usiku. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine. Huyo fundi wako amesoma kodi moja akachukua dalili ya ugonjwa wa pili akakupa upasuaji wa tatu.

Kupima kama imeziba ni kazi ya dakika kumi na tano. Unafungua sensa ya mbele, pale kwa tundu unafunga geji ya presha, unawasha. Ikiwa sailensi, bila kukanyaga, isipite kama 1.5 psi, ukishikilia mzunguko wa 2,500 isipite 3. Ikipita hapo kweli moshi umekwama. Na ukiwa umefungua hilo tundu pitisha kamera ndogo, ile ya waya ya kuchomeka kwa simu, uangalie masega kwa macho yako mwenyewe. Mimi mteja wangu lazima aone. Yakiwa yameyeyuka yanafanana na sukari guru iliyomwagikiwa maji.

Na hapo swali lingine, kwa nini ife? Katalitiki haifi bure. Golf hizi koili zikichoka inamisi, petroli inatoka bila kuungua inaenda kuwakia ndani ya katalitiki, joto linapita 1,000, zile seramiki zinayeyuka. Ama inakula oili, majivu ya oili yanafunika yale madini. Ukiweka mpya ya 46,000 na koili bado inamisi utarudi hapa baada ya miezi sita na swali lile lile. Taa ya injini ikiwa INAPEPESA, si kuwaka tu, hiyo ndiyo gari inakuambia inaua katalitiki saa hii, toa mguu kwa pedali.

Kuhusu "bure". Ndani ya hayo masega kuna platini, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 25,000, baadaye ikashuka sana lakini bado hakuna mtu anaita hiyo takataka. Wako watu wanazunguka magereji na mizani wakinunua kwa kilo. Fundi akikufanyia kazi bure ujue umemlipa, hujaambiwa tu ni pesa ngapi.

Rudi na kodi zote, si hiyo moja. Mwambie akuonyeshe skrini yote ashuke mpaka chini.

---

Wambo_wa_Roysa:

Mimi niongee kama mtu ameumwa. Demio yangu ilitolewa masega bila mimi kuambiwa, nilikuwa nimepeleka kubadilisha klachi, nikarudishiwa gari inanguruma kama boda. Nikaambiwa "madam hiyo ni kawaida, klachi mpya". Nikaamini, mimi na ujinga wangu.

Tunaishi ghorofa Roysambu, parking iko chini ya nyumba, basimenti yenye dari fupi. Asubuhi nawasha gari nangoja watoto washuke na mabegi, dakika tano sita. Baada ya wiki mbili keateka akaja na adabu zake zote, "mama Tasha, watu wa ghorofa ya kwanza wanasema gari yako inawaumiza kichwa." Nilikasirika kwanza. Halafu siku moja nikashuka mwenyewe kutoka kwa ngazi ikiwa imeshawashwa na bwanangu, macho yakaanza kuwasha, koo imekauka, na huyu kitinda mimba wangu ana pumu. Nilisimama pale kwa ngazi nikajiuliza huyu mtoto nimemvutisha hii kitu siku ngapi.

Hiyo spesa ya mia tano niliweka, taa ikazima kweli. Harufu ikabaki pale pale. Ni kama kuondoa betri kwa ile kengele ya moto na nyumba inaungua. Na kaboni monoksaidi haina harufu hata kidogo, hiyo unayosikia ni ile mingine, mbaya yenyewe huisikii.

Nikaweka katalitiki ya universal ya 9,000 kutoka kwa duka la spea mjini, ilikuwa inang'aa sana. Miezi mitano P0420 imerudi. Fundi wa pili akaikata akanionyesha, seli zilikuwepo lakini akasema zimepakwa madini kidogo sana, kama chai ya hoteli ambayo majani yalipitishwa juu ya sufuria. Kwa hivyo bei ya chini nayo si jibu. Mwishowe nilinunua ya Mazda eks-Japani, imekaa mwaka na nusu sasa, basimenti wametulia.

---

DonholmPhase8:

Eish. @Wambo_wa_Roysa pole sana dada, hiyo ya watoto imenigusa kwa sababu mimi pia nawasha gari nikingoja. @Spana_kumi_na_tatu shukran fundi, nilikuwa sijui kuna kuziba na kuna kufa. Nimepiga simu kwa yule wa kwanza nikamuuliza kama kulikuwa na kodi zingine akaniambia "hizo zingine si muhimu". Kwa hivyo zilikuwepo.

---

Mzee_wa_504:

Vijana mnanichekesha. Baba yetu alikuwa na Peugeot 504 iliyounganishwa pale Mombasa, haikujua katalitiki ni nini na ilitupeleka Kakamega kila Desemba watu tisa na kuku wawili. Lakini pia niseme ukweli, tulikuwa tunanusa risasi, yale madini ya ledi. Petroli ya hapa Kenya ilikuwa na risasi mpaka mwisho wa 2005, na risasi na katalitiki haviwezi kukaa nyumba moja, inaziua kabisa, inafunika yale madini. Ndio sababu kizazi chetu cha mafundi kilijifunza kwamba hiyo kitu ni ya kutolewa tu gari ikifika, mafuta yenyewe yangeiua. Mazoea yakabaki, sababu ikaondoka. Mwaka 2021 hawa majirani wetu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri walitangaza dunia nzima imemaliza petroli ya risasi kwa magari, Algeria ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kwa hivyo fundi wa leo anayekuambia "hii haifai kwa mafuta yetu" anatumia jibu la mwalimu wake.

Mimi nina Premio siku hizi, katalitiki yake iko, sijaigusa na haijanigusa.

---

streiti_paipu_254:

Sawa mzee lakini Premio na GTI ni kama ng'ombe wa maziwa na farasi. Mtu ameuliza NGUVU. Tuko mita 1,700 juu ya bahari hapa Nairobi, hewa ni nyepesi, gari bila tabo inapoteza karibu farasi mmoja kwa kila sita ikilinganishwa na Mombasa. Sisi wa tabo tunahitaji kila pumzi. Na hii maneno ya moshi mngeanza na matatu za Jogoo Road na lori za mchanga, si Golf moja ya Donholm.

---

Spana_kumi_na_tatu:

Hapo kwa urefu kutoka baharini umesema kweli, na kwa lori pia sibishani na wewe. Lakini nguvu tuiangalie vizuri.

Golf hii kompyuta yake inaendesha tabo kwa lengo. Imeandikiwa busti fulani, yaani presha ya hewa ya tabo, ikifika hapo inafungua westigeti, kale kamlango ka kupitisha moshi kando ya tabo. Ukiweka bomba pana bila kubadilisha programu tabo itafika kwa lile lengo mapema kidogo halafu kompyuta inaishikilia hapo hapo. Utasikia inaamka haraka, hiyo sikatai, lakini farasi 200 za kiwandani zinabaki jirani na 200. Nguvu ya maana inakuja ukiandika programu upya, na ukishaandika, tofauti kati ya bomba tupu na bomba lenye katalitiki ya chuma ya seli 200 ni farasi wachache ambao wewe kwa flaiova ya Taj Mall hutawahi kuwahesabu. Kizuizi kikubwa ni ile ya kiwandani, seli zake zimebanana. Hii ya seli 200 kuta zake ni bati jembamba la chuma limekunjwa, si seramiki, moshi unapita bila shida na pia haivunjiki ukigonga matuta ya Umoja. Ile ya seli 100 sikushauri, inapitisha sana mpaka inasahau kusafisha, P0420 itakaa na wewe.

Na hii hadithi kwamba injini inahitaji presha ya kurudi nyuma, naona mtu ataileta saa hii, tuizike mapema. Injini haihitaji kuzuiwa. Inachotaka ni moshi utoke kwa kasi, ndio maana gari bila tabo ukiiwekea bomba kubwa kupita kiasi inakuwa mvivu chini, moshi umepoteza mwendo. Kwa tabo, baada ya tabo, pana ni sawa. Inchi tatu kwa hii yako inatosha, ukienda zaidi ni kelele na kugusana na tuneli ya chini.

Ukinunua ile ya 46,000 ama nyingine yoyote nenda na futi na daunpaipu ya zamani mkononi. Angalia flenji ya upande wa tabo iwe ya 2.0 ya magurudumu ya mbele, kuna watu wanauziwa ya Audi ya kuvuta nne wanafika gereji haiingii. Angalia kuna fleksi katikati, ile sehemu ya nyavu inayojikunja, bila hiyo injini ikitikisika chuma kitapasuka mahali pengine. Angalia matundu mawili ya sensa, yote mawili, na uzi wake ni M18 kwa 1.5, jaribu na sensa ya zamani kwa mkono ikiwa bado uko dukani. Uliza nambari ya E iliyogongwa kwa kopo, hiyo inaonyesha imepitishwa Ulaya kama katalitiki ya kubadilishia. Isiyo na nambari si lazima iwe mbaya lakini usiilipie bei ya yenye nambari. Mshono wa kuchomelea uangalie kwa NDANI, pitisha kidole, ukikuta madonge makubwa ya chuma yameingia, hilo limechomelewa na mtu mwenye haraka, siku moja donge litatoka litaenda kugonga masega.

Gasketi mpya kila wakati. Usipake silikoni karibu na sensa, inaiua. Na mvujo mdogo kabla ya sensa ya nyuma unanyonya hewa ya nje na kukupa P0420 ya uongo, nimeshaona watu wakibadilisha katalitiki mbili kwa sababu ya gasketi ya mia nane.

---

Karani_wa_Upper_Hill:

Kwa ile ya sheria kwa ufupi tu. Kuna Sheria ya Mazingira ya 1999 na chini yake kanuni za ubora wa hewa za 2014, moshi wa magari umo ndani, na kanuni za kelele za 2009 ambazo @streiti_paipu_254 anazivunja akitoka tu kwa geti. Matatu na magari ya biashara yanaenda ukaguzi kila mwaka. Sisi wa gari za kibinafsi wengi hatujawahi kuingiziwa mrija wa kupima moshi maisha yetu yote, kwa hivyo jibu la kweli ni kwamba barabarani huenda usisumbuliwe. Uingereza mambo ni mengine, pale gari kama hii ikipimwa kwenye MOT, ukaguzi wao wa kila mwaka, kaboni monoksaidi isipite asilimia 0.2 ukiwa umeshikilia mzunguko juu, na ikitoka kiwandani na katalitiki halafu haipo, imeanguka hapo hapo. Marekani kuitoa ni kosa hata kwa fundi mwenyewe. Hapa kwetu sheria ipo, mrija ndio haupo.

---

DonholmPhase8:

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita, samahani kwa kimya. Kaeni chini.

Jumamosi ile nilienda Kariobangi kwa fundi mwingine. Skana yake ikatoa kodi mbili. P0420, na chini yake P0299. Hiyo ya pili ni tabo haifikishi busti. Yaani ilikuwa pale siku zote, yule wa kwanza hakushuka chini ya mstari wa kwanza ama alishuka akanyamaza.

Fundi hakugusa ekzosi kwanza. Akaingia chini ya gari na ufunguo wa Allen wa 5mm, akaniambia kuna vavu ya daivata, ile ya kuachilia busti ukitoa mguu, hapo kwa tabo imeshikwa na boliti tatu, mbili zilitoka kama mchezo, ya tatu ilimchukua karibu nusu saa akiwa amelala ubavu, mkono mmoja umepotelea mle ndani na anaongea na hiyo boliti kwa Kiluhya. Ikatoka. Mpira wa ndani umechanika upande mmoja kama soksi iliyotobolewa na kidole gumba. Busti yote ilikuwa inarudi nyuma kwa hilo tundu. Tukaweka ile ya pistoni badala ya mpira, 9,500 na kazi, nikapanda Outering na kurudi. Probox hazinijui tena.

Kwa hivyo nguvu haikuwa katalitiki HATA KIDOGO.

Sasa kamera. Tukafungua sensa ya mbele, tukapitisha waya, mimi nimeshika simu. Tunasubiri kuona masega. Tunapitisha, tunapitisha, naona ukuta mweusi, naona mshono, naona sensa ya nyuma inatutazama kutoka upande ule mwingine. Hakuna kitu. Kopo ni tupu kama debe la harusi. Tukashusha daunpaipu, kwa mgongo wa kopo, upande unaoangalia juu ambao huwezi kuona ukiwa chini, kuna mkato wa mraba umechomelewa na kupakwa rangi ya silva. Mtu aliyeniuzia nimempigia, amesema yeye hajawahi kugusa ekzosi, alinunua hivyo hivyo. Na nadhani hata kabla ya kuniuzia alifuta kodi, kwa sababu nilipoijaribu taa ilikuwa imezima na ikakaa wiki nzima ndio ikawaka mara ya kwanza, mimi nikaona ni mambo ya petroli mbaya.

Kwa hivyo yule wa "bure" angefungua akakuta upepo. Hiyo picha ya sura yake imenifurahisha zaidi ya nguvu zilizorudi.

Niliishia kununua ile yenye katalitiki ya seli 200, nilimbembeleza akashuka hadi 43,500. Nilienda na futi kama mlivyosema na sensa ya zamani mfukoni, tundu la nyuma uzi ulikuwa umejaa takataka ya kuchomelea, akaupitisha tapu mbele yangu. Koili mbili tumebadilisha pia kwa sababu moja ilikuwa na ufa. Ina wiki mbili sasa. Taa imezima. Harufu hakuna, mama watoto amerudi kwa kiti cha mbele na ameanza tena kunikosoa uendeshaji. Sauti imekuwa nzito kidogo, nzuri, haisumbui mtu.

Ile eks-Japani ya 25,000 niliiangalia pia nikiwa na kamera, ilikuwa na masega lakini upande mmoja umebomoka, unaitikisa inalia kama kayamba.

---

Spana_kumi_na_tatu:

Safi. Na huyo mwenzangu wa Kariobangi amefanya kazi ya kiume, hiyo boliti ya tatu naijua kwa jina. Ngoja kilomita mia tatu nne hivi, mjini na haiwei, halafu uchomeke skana uangalie kama kompyuta imeshamaliza kuijaribu katalitiki, huwa kuna orodha ya majaribio inaonyesha limekamilika ama bado. Taa kuzima peke yake haitoshi, ulishaona mwenyewe ilivyokaa wiki nzima. Na mtu akinunua gari aulize hiyo orodha, ikiwa mengi hayajakamilika kodi zimefutwa jana.

---

Wambo_wa_Roysa:

Debe la harusi 😂😂 nimecheka mpaka kijakazi ameuliza kuna nini. Hongera.

---

streiti_paipu_254:

Kwa hivyo umekuwa ukitembea tupu mwaka mzima na bado ukasema gari ni vivu. Sawa nimenyamaza. Lakini sasa hiyo daunpaipu ya zamani umeitupa ama iko?

---

DonholmPhase8:

Iko kwa balkoni, mama watoto ameiwekea poti ya maua.

---

streiti_paipu_254:

Nina 1,500 na nina rafiki mwenye Mk5. Naeza kuja Jumapili?

---

DonholmPhase8:

2,000 na maua yanabaki. Ukikuja usiwashe hiyo gari yako kwa geti, askari wetu ana presha.